Yule Mama Alipopiga Magoti

"Wifi, njoo unifungie zipu hii. Mkono mmoja haufungi begi."

Mke wa Mzee Funzo alikuwa kwenye cherehani, gauni la mteja likiwa nusu chini ya sindano. Aliondoa mguu kwenye pedeli, akageuka. Wifi yake alikuwa amelikalia begi lile lile alilokuja nalo wiki tano zilizopita, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa bado vimefungwa bandeji pamoja na kijiti.

"Begi la nini tena? Unakwenda wapi na mkono huo?"

"Narudi kwangu. Siyo leo, Jumapili. Nimeshampigia simu, atakuja kunichukua mwenyewe. Leo najaribu tu kuona kama vitu vitaenea."

Mzee Funzo alikuwa amekaa kizingitini, anakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Kikombe kilimgandia mdomoni. Huyo aliyekalia begi ni dada yake wa tumbo moja, aliyemfuata kuzaliwa, na siku alipoingia kwenye nyumba hii hakuna aliyehitaji kuuliza mara mbili. Mumewe, mpima ardhi, bwana wa sauti ya chini na viatu vinavyong'aa muda wote, alimbana vidole kwenye mlango wa chumba, na alipopiga ukelele bwana yule hakuufungua mlango. Aliusukuma. Dada mtu ni msusi, na mkono uliobanwa ndio mkono wa kazi. Haikuwa mara yake ya kwanza kupigwa, ila ilikuwa mara ya kwanza kuondoka na begi.

"Dada, umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri, kaka, tena nimefunga na kuomba. Na wewe ndiye uliyenifungua macho." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Ile filamu ya Jumamosi. Wiki tano namwomba Mungu anionyeshe njia, kumbe jibu linanisubiri kwenye ukumbi wa kaka yangu! Yule mama alipopiga magoti kando ya kitanda, nikasema, huyu ni mimi. Funzo lenyewe nimeliandika, nimelitia kwenye pochi."

Fundi cherehani alimtazama mumewe. Mumewe aliitazama chai. Tuseme ukweli: kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa fahari. Dada yake mwenyewe ameandika maneno yake na kuyatia kwenye pochi! Baadaye katika wiki ile, fahari hiyo ndiyo iliyomtia haya kuliko mambo mengine yote.

*

Jina la Mzee Funzo hakupewa bure. Ukumbi wake wa video zamani ulikuwa bohari la saruji: mabenchi kumi na manne, mablanketi madirishani, skrini moja, spika mbili. Filamu zote zilizoonyeshwa pale zilitoka nje, kwa lugha ya huko nje, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu kando ya skrini, mkono mmoja kwenye kitufe cha sauti, mwingine umeshika kipaza sauti. Watu wa kwenye skrini wakifungua vinywa, yeye anawapunguza sauti na kusema badala yao. Alikuwa mtoto, alikuwa bibi kizee, alikuwa jambazi, alikuwa mchumba. Wapo waliokuja kumsikiliza yeye tu, macho wameyafumba.

Lakini kilichomtofautisha na watafsiri wengine ni zile dakika kumi za mwisho. Filamu ikiisha aliwasha taa, akasimama, akasema, "Sasa, ndugu zangu, funzo la leo." Hapo hakuna aliyetoka. Watu walitoa madaftari. Aliwaonyesha jinsi kiburi kilivyomponza yule tajiri, jinsi subira ilivyomvusha yule yatima, kisha akamalizia kwa swali la kwenda nalo nyumbani: wewe ungekuwa yeye, ungefanyaje? Fundi viatu wa pale kona aliacha pombe kwa sababu ya filamu moja, akaja kumshukuru mbele ya watu huku machozi yanamtoka. Mpaka nyumba ya ibada walimwita mara mbili azungumze na vijana.

Jumamosi saa tisa alasiri lilikuwa onyesho la akina mama. Muuza mkaa, mama mzito wa maneno, hakukosa kiti chake: benchi la mbele, mwisho kabisa upande wa kushoto, shavu amelielekeza kwenye spika. Mzee Funzo alikuwa na mzaha naye wa kila wiki. "Mama Mkaa, masikio yamestaafu? Nikuletee spika mapajani?" Ukumbi ulicheka, na muuza mkaa alicheka nao.

Jambo moja tu hakuna aliyelijua, au ndivyo alivyodhani. Mzee Funzo hakuijua ile lugha.

Ujanani alikaa miezi minane kwenye kambi ya wageni waliokuja kujenga daraja, akiosha vyombo. Alitoka pale na maneno kama arobaini, mengi ya jikoni: moto, chafu, haraka, weka chini, basi. Aliporudi nyumbani alisema amejifunza lugha, watu wakamwamini, na mtu akishapandishwa hivyo ni kazi kushuka mwenyewe. Kwa hiyo kila filamu aliitazama mara tatu kabla ya kuionyesha, akasoma nyuso, akasoma mikono, akatunga. Alitunga vizuri mno. Ile filamu iliyomwachisha fundi viatu pombe ilihusu wizi wa farasi.

Na ile ya Jumamosi aliitunga hivi. Mwanamke anaonewa na mumewe, anakimbia. Huko alikokimbilia moyo unamsuta, anarudi. Anaingia chumbani, anapiga magoti kando ya kitanda, anamwombea yule mume. Mume anasikia maombi, analia, roho ya ukatili inamtoka. Mwisho wanakwenda wote kituo cha treni, mume amebeba begi la mkewe, wanakwenda kwa wakwe kuomba radhi. Mke anatangulia, mume atafuata kesho yake. Kuna saa ya mezani ilionekana kwenye mapaja ya yule mama ndani ya treni. Hiyo, alisema, ni zawadi aliyonunuliwa na mume. Kisha akawasha taa, akawaambia: "Mama zangu, dada zangu, mlango uliokuumiza unaweza kuufungua kwa magoti." Wanawake walilia mpaka wakaazimana leso.

*

Binti wa Mzee Funzo alifanya kazi mapokezi ya hoteli, na hoteli hiyo ilimsomesha ile lugha kwa miaka miwili. Baba alijitapa mtaani kwamba mtoto kafuata damu. Ila binti akimsemesha kwa lugha hiyo nyumbani, baba alikunja uso: "Hapa tuongee ya kwetu. Za watu ziishie kazini." Binti aliamini kwamba baba yake anaipenda sana lugha yake.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Baba alikuwa ukumbini, mama amepeleka magauni kwa wateja.

"Mwanangu," shangazi alimwita, "hebu niwekee ile filamu ya baba yako. Sehemu ya mwisho tu. Nataka nijitie nguvu."

Walikaa wote wawili kwenye kochi. Shangazi aliyajua maneno ya kaka yake kwa moyo, akawa anayasema taratibu kila yule mama alipofungua kinywa.

"Hapa anamwambia, 'Bwana, nimerudi, mimi ni wako katika raha na dhiki.'"

Kwenye televisheni yule mama alikuwa amesema: Usinishike. Sikuja kukaa.

"Sasa anapiga magoti. Sikiliza. 'Ee Mungu, mlainishe huyu mume uliyenipa.'"

Nimekuja kuchukua saa ya mama yangu, alikuwa akisema yule mama, kichwa amekiinamisha, mikono haionekani. Iko chini ya kitanda. Nikishaipata naondoka.

Mume akasema amebadilika. Shangazi akasema kwa niaba yake, "'Nisamehe, mke wangu, nimeyasikia maombi yako.'" Na yule mama, bila kuinua kichwa, akamjibu mumewe kwamba hayo aliyasema mara ya pili, akayasema na mara ya tano.

Binti aliushika mkono wa kochi. Filamu ilikwisha. Shangazi alijifuta macho kwa ile bandeji, akamgeukia.

"Mbona umekuwa hivyo? Nawe imekugusa?"

"Imenigusa, shangazi."

Zaidi ya hapo hakusema. Mtoto hamvui baba yake nguo mbele ya dada yake, aliwaza, ngoja kwanza nikamwone mwenyewe. Alivaa viatu akatoka.

*

Mzee Funzo alikuwa anafuta mabenchi kwa kitambaa kibichi. Alifurahi kumwona.

"Karibu, mwanangu! Leo umekumbuka kazi ya mzee?"

"Shikamoo, baba. Nina swali dogo. Yule mama, anapopiga magoti, anasema nini?"

"Anaomba."

"Anaomba nini?"

"Anamwombea mumewe. Kwa ujumla. Unajua mwenyewe, tafsiri siyo neno kwa neno."

"Anatafuta saa, baba."

"Saa?"

"Saa ya mezani ya mama yake. Iko chini ya kitanda. Ndiyo maana amepiga magoti."

Mzee Funzo alikikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. Akaanza kueleza kwamba lugha ina lafudhi nyingi, kwamba wale wa kwenye filamu wanatoka pande za juu, kwamba hata wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Binti alimwacha aseme. Alipomaliza, akamwambia sentensi moja fupi kwa ile lugha, taratibu, kama anavyowasemesha wageni wazee pale mapokezi.

Baba alitabasamu, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo, ndiyo. Kabisa."

"Nimekuuliza mimi naitwa nani."

Maji ya kitambaa yalikuwa yanadondoka kwenye kiatu chake. Kama ilikuwa lazima ayasikie maneno hayo, Mzee Funzo angechagua kuyasikia kwa mtoto huyu, na hakuna ambaye angemuumiza zaidi kwa kuyasema. Aliketi kwenye benchi aliloliloanisha mwenyewe.

"Nilikuwa naosha vyombo," alisema.

"Nimewaambia watu wote hotelini baba yangu ni mtafsiri." Binti alianza kulia, akakasirika kwa kulia. "Mimi ningekustahi, baba. Ungekuwa unaosha vyombo mpaka leo ningekustahi. Lakini shangazi anarudi kule Jumapili kwa maneno yako. Siyo ya yule mama, ni ya kwako! Mkono haujapona."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Nipe nafasi kidogo. Na usimwambie mtu, mwanangu, nakuomba."

Kumwomba mtoto wako asiseme ni jambo ambalo mzazi hulikumbuka. Binti alitoka, na kwa mara ya kwanza hakumuaga.

*

Alhamisi ilipita. Ijumaa mkewe alimkuta chumbani, amekaa, ameshika kiatu kimoja.

"Mtoto amekwambia."

"Kakwambia na wewe?"

"Mimi niambiwe nini? Miaka ishirini na sita kitanda kimoja, unadhani sijui? Kila filamu unaitazama na daftari. Unaandika, unafuta, unaandika tena. Anayeelewa hafuti hivyo."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Fundi viatu ameacha pombe, watoto wake wanashiba. Nikasema, basi, nani anaumia?" Alikaa kando yake. Alikuwa na uzi mwekundu umemganda begani. "Juzi nimemfungia wifi begi kwa mikono yangu hii. Kwa hiyo usijione una haya peke yako. Ila mdomo ni wako, baba nanihii. Inuka uende."

Akajikaza kisabuni, akaenda. Dada yake alikuwa uani, anaanika nguo kwa mkono mmoja, vibanio ameving'ata.

"Dada, ile filamu. Pale mwisho... huenda sikupatia sawasawa. Kuna maneno yalinipita."

Dada alitoa vibanio mdomoni. "Yalikupita vipi?"

"Yaani pale kwenye magoti. Pengine hakuwa anaomba hasa."

"Kaka yangu, bwana!" Alicheka, akampiga kwenye bega kwa mkono wake mzima. "Hata ukikosea maneno kumi, Mungu hakosei. Na kama ulitunga, ni yeye aliyekutungisha, wewe ni chombo tu. Juzi mwanao alitokwa machozi hapo kwenye kochi, muulize. Unyenyekevu wako ndio unaokubariki."

Na Mzee Funzo, aibu iliyoje, alishusha pumzi. Alijiambia kwamba amesema. Kama mtu ameambiwa na hakutaka kusikia, afanyweje? Alikuwa anarudi ndani na mwili mwepesi alipomwona mkewe amesimama mlangoni, amesikia yote. Mkewe alikwenda kwenye cherehani yake, akaanza kukanyaga pedeli bila nguo chini ya sindano.

Simu ya dada ililia wakati wa chakula. Alikuwa na kijiko mkononi, kwa hiyo aliiweka mezani na kufungua spika. Sauti ya mpima ardhi ilijaa chumbani, ya chini, ya adabu.

"Kaka yako yupo karibu? Nataka nimsalimie."

"Yupo, anakusikia."

"Shemeji, habari za siku? Nimeambiwa yote. Nakushukuru sana, umenijengea nyumba yangu. Wanawake wa siku hizi wanahitaji mafunzo kama hayo. Ningekuwa na uwezo ningewaleta wote wa mtaa huu wakusikilize."

Binti aliinuka mezani na sahani yake. Mzee Funzo alifungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka mingi sauti nzuri ilitoka yenyewe: "Karibu sana, shemeji."

Sahani yake aliisukuma kando, chakula bado kimo.

*

Jumamosi saa tisa mabenchi yalijaa. Kwenye ubao wa nje aliandika filamu ya mapigano, lakini walipokaa aliwaambia ataonyesha tena ile ya wiki iliyopita, na akina mama wakapiga makofi. Dada yake alikuwa benchi la tatu pamoja na wifi yake, amejipaka mafuta, kichwa kimesukwa na rafiki. Muuza mkaa alikuwa mahali pake. Binti alisimama kando ya kile kiti kirefu, na sare ya hoteli bado mwilini, kwa sababu baba alimwita aje kutafsiri, na kazini aliomba ruhusa ya saa mbili tu.

"Akina mama, kabla hatujaanza," alisema Mzee Funzo kwenye kipaza sauti. "Lugha hii mimi siijui."

Ukumbi ulicheka.

"Sitanii. Sijawahi kuijua. Nilikuwa naosha vyombo kwenye kambi ya wageni. Ninachojua ni sahani chafu."

Walicheka zaidi. Mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, "Mzee Funzo leo kaja na vichekesho!" Miaka yote alikuwa akiwaigizia walevi, wezi na mabwege, na sasa kila alivyosema kweli ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Alihisi jasho linamshuka mgongoni. Alilitazama benchi la tatu. Dada yake naye alikuwa anacheka.

Akaweka kipaza sauti chini. "Nilidanganya!" alipaza sauti yake mwenyewe, ile isiyopita kwenye mashine, na ilitoka nyembamba, ya kukwaruza. "Kila filamu. Nilikuwa natunga. Dada, nisikilize, nilitunga."

Kicheko kilipungua, watu wakatazamana. Akaizungusha filamu mpaka pale chumbani. Binti akakichukua kipaza sauti. Hakuigiza sauti ya mtu yeyote. Alisema kama anavyosema pale mapokezi, chumba namba fulani, ghorofa fulani.

"Anasema, usinishike. Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua saa ya mama yangu, iko chini ya kitanda." Akangoja. "Mume anasema amebadilika. Anamjibu, hayo uliyasema mara ya pili, ukayasema na mara ya tano."

Kufika kituo cha treni hakuna aliyekuwa anacheka. Mume alionekana anamfuata mkewe na begi, uso umelowa.

"Mume anamsihi asiondoke. Mke anamwambia, weka chini. Anachukua begi lake, anapanda. Imekwisha."

Mzee Funzo aliwasha taa. Alisimama pale pale anaposimama kila Jumamosi, na madaftari yalikuwa mapajani mwa watu. Mama mmoja wa makamo aliuliza, kwa upole kabisa, "Na ile ya yatima?"

"Na hiyo."

"Ile ya tajiri aliyefilisika?"

"Zote, mama."

Dada yake aliinuka. Alipita katikati ya mabenchi akiwa ameushikilia mkono wenye bandeji kifuani, akafika mbele, akafungua pochi. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Haya ni maneno yako, kaka. Yashike."

Aliyapokea kwa mikono miwili. Dada akatoa simu, akabonyeza kwa kidole gumba, na akaongea hapo hapo mbele ya watu, sauti inamtetemeka lakini inasikika. "Usije kesho... Hapana, usije. Naam. Najua. Hata mara ile ulisema hivyo." Akakata. Wifi yake alikuwa ameshafika, akamshika kiuno. Walitoka naye, binti mbele akifungua njia.

Wengine walifuata mmoja mmoja. Wapo waliompita kama nguzo. Mmoja aliacha daftari lake juu ya benchi, akafika mlangoni, akarudi kulichukua. Mzee Funzo aliwasubiri wote wapite, na ndani ya ile aibu, kwa mbali, alianza kuhisi nafuu. Limekwisha. Dada harudi. Atafunga ukumbi, ataosha vyombo hotelini kama watamtaka, lakini limekwisha.

Muuza mkaa hakuondoka.

"Onyesho limekwisha, Mama Mkaa."

"Filamu hii uliionyesha miaka mitatu iliyopita."

Alijaribu kukumbuka. Ni kweli, aliionyesha. Filamu mpya zikikosekana alirudia za zamani.

"Jumamosi hivi hivi," alisema muuza mkaa. "Wakati ule nilikuwa nakaa kwa kaka yangu. Na mimi nilikuwa na begi. Nilitoka hapa sikupita hata kwa kaka kuaga, nilikwenda moja kwa moja kwa mume wangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei. "Mwezi wa pili tangu nirudi ndipo sikio hili lilipokufa. La kushoto."

Mzee Funzo alimtazama mahali alipokaa, mwisho wa benchi upande wa kushoto, sikio la kulia limeelekea kwenye spika. Miaka mitatu. Masikio yamestaafu? Nikuletee spika mapajani? Na alikuwa anacheka naye.

Alitaka kuomba radhi. Neno lilimjia, na lilimjia na sauti yake kamili, ile nzito yenye kukatika katikati aliyokuwa akiwapa wauaji wanaotubu mwisho wa filamu. Aliisikia ikipanda kooni. Akafunga mdomo.

"Rudisha pale," alisema muuza mkaa. "Pale kwenye kitanda. Nataka nimsikie mwenyewe."

"Binti ameondoka, mama. Hakuna wa kukutafsiria."

"Nimekwambia nataka tafsiri?"

Akazima taa, akarudisha. Alizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, jambo ambalo hajawahi kulifanya mtu akiongea, na sauti ya yule mama ikajaza bohari lile. Ilikuwa sauti kavu, yenye haraka, haifanani kabisa na ile aliyokuwa akimpa. Muuza mkaa alisogeza shavu kuelekea spika. Wote wawili hawakuelewa neno. Mzee Funzo alisimama kando ya kiti chake, karatasi ya dada yake mkononi, na hakujua mkono wa pili auweke wapi.

Kisha ikafika kituoni. Mume na begi, mke amegeuka. Yule mama akasema maneno yake mawili ya mwisho, na Mzee Funzo aliyaelewa.

Weka chini. Ni maneno ya jikoni, aliyasikia kila siku kwa miezi minane huku sahani zikipita mikononi mwake. Ni kati ya yale arobaini. Aliyasikia miaka mitatu iliyopita, mara tatu, na daftari mapajani, akajua kabisa kwamba mke hamwambii mumewe maneno matamu. Hata aliyaandika. Ndipo akafuta, kwa sababu hayakuingia kwenye funzo.

"Hili nililijua, mama," alisema gizani. "Neno hili moja nililijua tangu siku ile."

Muuza mkaa alikuwa amemgeuzia sikio la kushoto. Hakugeuka. Treni iliondoka, majina ya wale wageni yakaanza kupanda kwenye skrini, na Mzee Funzo alijua kwamba itabidi azunguke benchi, aende upande wa pili, ayaseme tena.